Kuwapima Vijana wa Mpira Pasipo Kuwatupa

Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyotungwa kwa ajili ya walimu wa shule, viongozi wa klabu za vijana, na wazazi wenye watoto wapendao mpira wa miguu.

Jumamosi alasiri, katika viwanja vingi vya Kenya, huonekana jambo lile lile. Watoto arobaini au hamsini wamekusanyika kando ya kiwanja, wengine wamevaa viatu, wengine wana miguu mitupu. Mwalimu amekuja kuchagua timu ya vijana wasiozidi miaka 12. Huwatazama kwa muda wa saa moja, kisha huwaita kumi na wanane, na wale wengine huambiwa waende zao nyumbani. Walioitwa, karibu wote ni warefu, wenye mapaja mazito na mbio nyingi. Walioachwa, wengi wao ni wafupi na wembamba. Mwalimu huondoka ameridhika, kwa maana Jumamosi ijayo timu yake itashinda.

Na kweli hushinda. Lakini baada ya miaka sita, vijana wale wakiwa wamefika umri wa miaka 18, mambo huwa yamegeuka. Baadhi ya wale warefu wamekwisha fikiwa kwa kimo na wenzao, na kwa kuwa walizoea kushinda kwa nguvu tu, hawakujifunza kuutawala mpira. Na wale wafupi walioambiwa waende nyumbani hawapo tena kiwanjani. Walikwisha acha mpira zamani, wala hakuna ajuaye wangekuwa wachezaji wa namna gani.

Neno kubwa la mazungumzo haya ni moja tu. Kazi ya mwalimu wa vijana si kuwachagua watakaoshinda Jumamosi ijayo, bali ni kumtambua na kumlea yule atakayecheza vizuri atakapokuwa mtu mzima. Kazi hizo mbili hufanana kwa mbali, lakini si kazi moja, na mwalimu azichanganyaye huwapoteza watoto wengi.

UMRI WA KARATASI NA UMRI WA MWILI

Mkulima aelewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Mahindi ya Katumani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi kavu za Ukambani, hukomaa kwa muda wa miezi mitatu au minne. Mahindi ya Kitale, yapandwayo katika nchi za juu zenye baridi, huchukua miezi sita hivi, na penginepo zaidi, lakini mazao yake huwa mengi. Mkulima wa Trans Nzoia, asikiapo ya kuwa mtu wa Machakos amekwisha vuna, haendi shambani kuyang'oa mahindi yake na kusema kwamba hayafai. Ajua kwamba kila mbegu ina majira yake.

Watoto nao ni vivyo hivyo. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine wanapokuwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana wanapokuwa na miaka 14 hivi. Lakini hayo ni makadirio ya watu wengi kwa pamoja. Mvulana mmoja huanza kubalehe na miaka 11, na mwenzake aliyezaliwa mwezi ule ule huanza na miaka 14. Wote wawili ni wazima na hakuna aliye mgonjwa. Kwa hiyo katika timu moja ya vijana wa miaka 13, mwalimu aweza kuwa na mtoto ambaye mwili wake ni wa miaka 11, na mwingine ambaye mwili wake ni wa miaka 15. Karatasi zao zasema umri mmoja, lakini miili yao haisemi hivyo.

Basi wawili hawa wakikimbilia mpira mmoja, ni nani atakayeupata? Jibu lajulikana hata kabla ya kuanza mbio. Na mwalimu akiandika katika daftari lake ya kuwa wa kwanza ni mchezaji hodari na wa pili ni dhaifu, hakuandika habari za mpira. Ameandika habari za kubalehe.

MWEZI WA KUZALIWA

Kuna jambo jingine lililofichika zaidi. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Canada, Roger Barnsley, pamoja na wenzake, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya vijana wa nchi yao wachezao mchezo wa magongo juu ya barafu. Waliona ya kuwa katika timu bora, wachezaji waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka walikuwa wengi mno kupita wale waliozaliwa miezi ya mwisho. Baadaye wataalamu wengine walichunguza mpira wa miguu katika nchi mbalimbali, na wakakuta mambo yale yale.

Sababu yake si nyota wala bahati. Katika mashindano mengi ya vijana, umri huhesabiwa tangu tarehe 1 Januari. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Januari na mtoto aliyezaliwa mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule huwekwa katika kundi moja. Wa kwanza amemzidi wa pili kwa miezi kumi na mmoja. Kwa watu wazima tofauti hiyo si kitu. Lakini kwa watoto wa miaka 10, ni karibu sehemu moja katika kumi ya maisha yao yote. Yule mkubwa huonekana ana akili na nguvu zaidi, kwa hiyo huchaguliwa. Akisha kuchaguliwa hupata mwalimu mzuri, mipira mizuri na michezo mingi, na kwa sababu hiyo huwa bora kweli kweli. Yule mdogo hukaa nje akitazama. Hivyo kosa dogo la siku moja huendelea kukua mwaka baada ya mwaka, hata mwisho hudhaniwa kuwa ni kweli.

Uingereza hesabu ya umri katika mpira wa vijana hufuata mwaka wa shule, nayo huanza mwezi wa Septemba. Huko waliopendelewa ni wale waliozaliwa Septemba, Oktoba na Novemba. Jambo hili laonyesha waziwazi ya kuwa si mwezi wenyewe uletao ustadi, bali ni tarehe iliyowekwa na watu.

UDANGANYIFU WA UMRI

Ikiwa miezi kumi na mmoja yaweza kumharibia mtoto nafasi yake, itakuwaje mtu mzima wa miaka 19 akiingizwa katika timu ya vijana wa miaka 16? Desturi hii mbaya imeonekana katika nchi nyingi za Afrika na kwingineko. Wafanyao hivyo husema ya kuwa wanaisaidia timu yao. Kwa kweli wamemnyang'anya mtoto mmoja mahali pake, na wamemfundisha yule mkubwa kwamba uwongo ni njia ya kupata riziki.

Wala uwongo huo haufichiki siku zote. Katika mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 17 yaliyofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA ilianza kutumia mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili ili kuitazama mifupa ya kifundo cha mkono. Mfupa wa mtoto anayekua una sehemu karibu na kifundo ambayo haijaungana bado. Ikiwa imekwisha ungana kabisa, ni vigumu sana kwa mtu huyo kuwa chini ya miaka 17. Mwalimu wa kijijini hana mashine hiyo, wala haihitaji. Yeye awe na cheti cha kuzaliwa, na awe na moyo wa kusema kweli.

VIJANA WAWILI WA MWAKA MMOJA

Yafaa kutazama mfano wa vijana wawili ambao habari zao zajulikana dunia nzima. Wote wawili walizaliwa mwaka 1987, na wote wawili walikuwa wadogo wa mwili kuliko wenzao.

Wa kwanza ni Lionel Messi, mzaliwa wa mji wa Rosario katika nchi ya Argentina. Madaktari waligundua ya kuwa mwili wake ulipungukiwa na kile kiasi cha homoni kimfanyacho mtoto kurefuka, na matibabu yake yalikuwa ya gharama kubwa. Mwaka 2000, akiwa na miaka 13, alipelekwa Barcelona kujaribiwa. Waliomtazama huko waliona kimo chake, kwa maana hakikuweza kufichika. Lakini wakautazama mpira ulivyokaa miguuni pake. Klabu ile ikakubali kumchukua na kugharamia matibabu. Mwaka 2022 kijana huyo, akiwa kiongozi wa timu ya Argentina, alilinyanyua Kombe la Dunia.

Wa pili ni Jamie Vardy, mzaliwa wa Sheffield huko Uingereza. Alikuwa katika klabu kubwa ya mji wake, lakini alipofika miaka 16 akaachwa kwa kuwa alionekana mdogo mno. Alijiunga na timu ndogo ya Stocksbridge, akawa anafanya kazi kiwandani mchana na kucheza mpira kwa malipo madogo. Miaka mingi ilipita kabla hajaonekana tena. Mwaka 2012 alinunuliwa na Leicester, mwaka 2015 aliichezea Uingereza kwa mara ya kwanza, na mwaka 2016 Leicester ikachukua ubingwa wa ligi kuu ya nchi ile, naye akiwa amefunga mabao 24 katika ligi ya msimu huo.

Habari za Vardy hufurahisha, lakini mwalimu asizisome kwa furaha tu. Yeye alirudi. Wangapi hawakurudi? Kwa kila mmoja aliyevumilia miaka kumi katika viwanja vidogo, wako wengi waliovunjika moyo na kwenda zao. Wahenga walikwisha sema: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

Ikiwa kimo na nguvu si vipimo vya kutegemewa, mwalimu atazame nini? Klabu ya Ajax ya mji wa Amsterdam, ambayo imejulikana kwa miaka mingi kwa kulea vijana, hutazama mambo manne: ustadi wa kuutumia mpira, akili ya kuuelewa mchezo, tabia, na mbio. Mambo hayo manne yaweza kufuatwa hata katika kiwanja cha kijiji kisicho na nyasi.

La kwanza ni ustadi. Mtoto akipelekewa mpira, je, hutulia mguuni pake au hudunda na kwenda mbali? Aweza kuutumia mguu wa kulia na wa kushoto? Watoto waliokua wakichezea mpira wa makaratasi na kamba mara nyingi wana ustadi mwingi, kwa kuwa mpira ule haudundi sawasawa na huwalazimisha kuwa waangalifu.

La pili ni akili ya mchezo. Mwalimu amtazame mtoto wakati asipokuwa na mpira, kwa maana huo ndio muda mrefu wa mchezo. Je, hugeuza kichwa kutazama waliko wenzake kabla mpira haujamfikia? Huenda mahali palipo wazi, au hukimbilia mpira pamoja na kundi zima kama nyuki? Mtoto mfupi ambaye hawezi kushinda kwa nguvu mara nyingi hulazimika kutumia akili, na akili hiyo haimtoki hata baada ya kurefuka.

La tatu ni tabia. Hilo halionekani wakati timu inaposhinda. Huonekana mtoto aponyang'anywa mpira: husimama na kumlaumu mwenzake, au hugeuka na kurudi kusaidia? Huonekana pia wakati anapofundishwa jambo jipya na kulikosea mara tano. Yule atakayejaribu mara ya sita, huyo ana mali isiyoonekana kwa macho.

La nne ni mbio. Hapa mwalimu awe mwangalifu sana, kwa kuwa mbio za mtoto hufuata kukua kwa mwili wake. Mtoto anayerefuka upesi aweza hata kupoteza mbio na wepesi wake kwa miezi kadhaa, akawa kama mtu ambaye miguu yake si yake. Asihukumiwe wakati huo. Angojwe.

NAMNA YA KUWAJARIBU

Saa moja haitoshi kumjua mtoto. Mtoto huenda alikuja na njaa, au ametembea maili nyingi, au ana hofu kwa kuwa hajaonwa kamwe na mgeni. Yafaa atazamwe siku tatu au nne zilizo mbalimbali kabla ya neno lolote kuandikwa juu yake.

Tena, mchezo wa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja si kipimo kizuri kwa watoto. Ishirini na wawili hugawana mpira mmoja, na mtoto mwenye haya aweza kumaliza nusu saa bila kuugusa. Uingereza wenyewe wamebadili desturi hiyo. Mwaka 2012 iliamuliwa huko kuubadili mpira wa watoto, ili wadogo wasiozidi miaka 7 na 8 wacheze watano kwa watano, wasiozidi miaka 9 na 10 wacheze saba kwa saba, na wasiozidi miaka 11 na 12 wacheze tisa kwa tisa.

Iko njia moja nyepesi isiyohitaji fedha. Mwalimu mwenye watoto 24 na awagawe katika timu sita za watoto wanne wanne, na kiwanja akigawe sehemu tatu kwa kuweka mawe au vijiti. Mipira mitatu yatosha. Wacheze kwa dakika kumi, wanne kwa wanne, bila golikipa, na milango iwe midogo. Kila mtoto wa timu iliyoshinda aandikiwe alama 3, wa timu zilizotoka sare alama 1, na walioshindwa wasipate kitu. Kisha timu zivunjwe, kila mtoto apate wenzi wapya, na mchezo uanze tena. Baada ya mizunguko sita au saba, alama za kila mtoto zijumlishwe.

Faida yake ni hii. Kwa kuwa wenzi hubadilika kila mara, mtoto ambaye timu yake hushinda mara kwa mara, wawe nani awe nao, bila shaka kuna jambo analolifanya, hata kama jicho la mwalimu halikuliona. Mara nyingi jina ambalo hakuna aliyelitazamia huonekana juu ya orodha. Alama hizo si hukumu ya mwisho, lakini humlazimisha mwalimu amtazame mtoto yule kwa mara ya pili.

DAFTARI LA MWALIMU

Mwalimu asiyeandika hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu hupendelea wale wenye kelele. Daftari la shule lafaa kabisa. Kila mtoto awe na ukurasa wake, na juu yake iandikwe tarehe ya kuzaliwa. Kila baada ya miezi mitatu mtoto asimamishwe ukutani bila viatu, kimo chake kipimwe na kuandikwa. Kwa njia hiyo mwalimu atajua ni nani anayerefuka upesi sasa, na ni nani ambaye wakati wake haujafika.

Kipimo hicho ni cha afya pia. Wakati wa kurefuka upesi, watoto wengi wakimbiao na kuruka sana hupata maumivu na uvimbe chini ya pia ya goti, mahali mshipa wa paja ulipojishika kwenye mfupa wa mguu. Mwalimu asiyejua humwita mtoto mvivu na kumzungusha kiwanja mara kumi. Ajuaye humpunguzia mbio na kumpumzisha, na akiona maumivu hayapungui, humpeleka zahanati. Kwa kawaida maumivu hayo huisha mtoto amalizapo kukua, lakini yakidharauliwa humtesa kwa muda mrefu.

Chini ya vipimo yaandikwe yale mambo manne, kwa maneno machache yenye ushahidi. Kuandika "mchezaji mzuri" hakumsaidii mtu. Kuandika "hutumia mguu wa kulia tu, husaidia beki akinyang'anywa mpira" humwonyesha mwalimu la kufundisha wiki ijayo. Naye mtoto ahesabiwe kwa kulinganishwa na ukurasa wake wa miezi mitatu iliyopita, wala si kwa kulinganishwa na jirani yake.

KULEA NI KAZI KUBWA KULIKO KUCHAGUA

Ubelgiji ni nchi ndogo, na mwanzoni mwa karne hii mpira wake ulikuwa umeshuka. Viongozi wake waligeuza mafundisho ya watoto nchini kote, wakapunguza ukubwa wa viwanja na hesabu ya wachezaji wadogo, na wakawasihi walimu wasitamani ushindi kupita mafundisho. Tena wakaunda timu za taifa za vijana wanaochelewa kukua, ili nao wapate kucheza na kutazamwa hata miili yao itakapokomaa. Mwaka 2018 nchi hiyo ilipata nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia.

Mwalimu wa kijijini aweza kufanya mambo kama hayo kwa kadiri yake. Mara moja katika majuma mawili awapange watoto kwa ukubwa wa mwili badala ya umri. Mfupi atapata nafasi ya kuonyesha ustadi wake pasipo kusukumwa, na mrefu, akicheza na warefu wenzake, atalazimika kujifunza akili. Wote wawili hufaidika. Kadhalika, watoto wabadilishwe mahali. Aliye mrefu asiwekwe nyuma miaka yote, wala aliye mzito asifanywe golikipa milele. Na kila mtoto aliyeletwa kwenye mchezo acheze. Mtoto hajifunzi kuogelea kwa kukaa ukingoni.

Yaliyosemwa juu ya wavulana ni ya wasichana vilevile. Mwaka 2024 timu ya wasichana wa Kenya wasiozidi miaka 17 ilikuwa timu ya kwanza ya mpira kutoka nchi hii kufika katika Kombe la Dunia la FIFA, lililochezwa katika Jamhuri ya Dominika, na huko ikaifunga Mexico mabao 2 kwa 1. Timu za wanaume za Kenya hazikuwa zimefika huko katika umri wowote. Jambo hilo liwakumbushe walimu wanaowafukuza wasichana kiwanjani ya kuwa huenda wanamfukuza aliye hodari kupita wote.

NENO LA KUMWAMBIA ANAYEACHWA

Hata hivyo timu ina mahali pachache, na siku hufika ambapo wengine hawana budi kuachwa. Namna ya kuwaambia ni sehemu ya kazi ya mwalimu. Majina yasisomwe mbele ya kundi zima huku wengine wakicheka. Mtoto aitwe kando, pamoja na mzazi wake ikiwezekana, aambiwe jambo alifanyalo vizuri, jambo moja au mawili ya kufanyia mazoezi, na siku ambayo atatazamwa tena. Neno "bado" na neno "hufai" yako mbali kama mbingu na ardhi. La kwanza humpa mtoto kazi ya kufanya. La pili humfungia mlango.

Na wale waliochaguliwa nao waambiwe kweli. Ligi kuu ya Uingereza katika mtindo wake wa sasa ilianza mwaka 1992. Mkenya wa kwanza kucheza ndani yake, Victor Wanyama, aliingia mwaka 2013 akiwa na klabu ya Southampton. Ilichukua miaka ishirini na mmoja kupata mtu mmoja, katika nchi yenye mamilioni ya vijana wapendao mpira. Mwalimu amwambiaye mtoto aache vitabu kwa sababu miguu yake itamlisha, anacheza kamari na maisha yasiyo yake.

Mpira una faida nyingine zilizo karibu zaidi. Mwaka 1987 katika mitaa ya Mathare, Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo ya vijana, ambamo timu zilipata alama si kwa mabao tu, bali na kwa kusafisha mitaa yao iliyojaa takataka. Kutokana na chama hicho ilizaliwa klabu ya Mathare United, iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Wengi waliopita humo hawakuwa wachezaji mashuhuri, lakini walijifunza kufika kwa wakati, kushindwa bila kupigana, na kufanya kazi pamoja na watu wasio wa kabila lao.

Basi Jumamosi ijayo, watoto watakapokusanyika tena kando ya kiwanja, mwalimu na achukue daftari na kalamu. Amtazame yule mrefu, amfundishe akili, ili asije akategemea nguvu zake siku zote. Kisha amtafute yule mfupi aliyesimama nyuma ya wenzake, ampelekee mpira, na atazame autuliza namna gani. Ikiwa mpira umelala mguuni pake, na kichwa chake kimeinuka kumtafuta mwenzake, mwalimu aandike jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, na amwambie aje tena wiki ijayo.